Nyaya Zivukazo Mpaka Zina Walinzi Pande Mbili

Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha maafisa wa jeshi, mkufunzi wetu mmoja alitundika ramani ya Afrika Mashariki ukutani, akatupa zoezi la maneno machache. "Leo ninyi ni adui," alisema. "Mna kikosi kimoja kidogo na usiku mmoja tu. Mtapiga wapi?"

Tulijibu kwa haraka ya ujana. Mmoja alitaja kambi kubwa ya jeshi, mwingine uwanja wa ndege, wa tatu ghala la silaha. Mkufunzi alitusikiliza wote, kisha akatikisa kichwa. "Mmenitajia mahali walipo askari," alisema. "Mimi nimewauliza mahali ilipo nguvu ya nchi." Akaweka kidole chake Jinja, penye bwawa la Owen Falls, kisha akakiburura polepole kuelekea mashariki. Kidole kilipita Tororo, kikavuka mpaka, wala hakikusimama hadi Nairobi.

"Afande," mwenzetu mmoja aliuliza, "waya huo ukikatwa upande wa pili wa mpaka, ni kazi ya nani?" Mkufunzi aliikunja ramani yake, akasema kwamba swali hilo tutajibiwa na kazi yenyewe.

Miaka imepita tangu siku ile, na swali la mwenzetu limezidi kuwa zito, kwa maana nyaya zinazovuka mipaka ya nchi zetu si njia moja tena. Umeme wa Ethiopia wawasha taa nchini Kenya. Umeme wa Uganda wafika Bukoba, nchini Tanzania. Maporomoko ya Rusumo yazalisha umeme wa mataifa matatu. Na katika sehemu nyingine za Afrika, gesi asilia yasafiri chini ya ardhi na chini ya bahari kutoka nchi hii hadi nchi ile. Makala haya yakusudia kumweleza askari wa jeshi na wa polisi kwa nini mambo hayo yamhusu, na kwa nini usalama wa nishati ni sehemu ya usalama wa taifa.

BWAWA LA JINJA NA WAYA WA KWANZA

Bwawa la Owen Falls, ambalo leo laitwa Nalubaale, lilifunguliwa rasmi na Malkia Elizabeth wa Pili wa Uingereza tarehe 29 Aprili 1954. Mwaka huo huo iliundwa nchini Kenya kampuni maalumu ya kujenga njia ya umeme kati ya Tororo na Nairobi, na mwaka 1955 ukatiwa saini mkataba wa kuiuzia Kenya umeme wa Jinja kwa muda wa miaka 50. Uganda wakati huo ilikuwa na maji mengi na viwanda vichache. Kenya ilikuwa na viwanda vilivyokua upesi kuliko mitambo yake. Mmoja alikuwa na ziada, mwenziwe alikuwa na upungufu, na kati yao palihitajika nguzo na waya tu.

Yafaa ikumbukwe kwamba Kenya haikulala kwa sababu ya umeme wa jirani. Katika Mto Tana ilijenga Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974 na Gitaru mwaka 1978, na mwaka 1981 ikaanza kuzalisha umeme kwa mvuke utokao ardhini huko Olkaria. Ilinunua kwa jirani huku ikijenga kwake. Hiyo ndiyo busara ya mwenye nyumba aazimaye maji kwa jirani huku akichimba kisima.

Waya ule wa kwanza ulipita katika misukosuko mikubwa. Februari 1976 Idi Amin alidai kwamba sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ilikuwa ardhi ya Uganda, na uhusiano wa nchi mbili hizi ukaharibika vibaya. Hata hivyo mkataba wa umeme haukufa kwa maneno ya mwaka ule. Serikali zilibadilika upande mmoja na wa pili, na nguzo zikabaki zimesimama.

Kisha vikaja vita vya mwaka 1979. Kampala ilitwaliwa tarehe 11 Aprili, na Jinja tarehe 22 Aprili. Katika siku zile kumi na moja, moja ya mambo yaliyowatia wasiwasi makamanda wa Tanzania na wapiganaji wa Uganda waliokuwa pamoja nao ni bwawa hilo. Kama lingebomolewa na majeshi yaliyokuwa yakikimbia, Uganda ingebaki gizani, na sehemu ya Kenya, nchi isiyokuwamo vitani, ingepata hasara pamoja nayo. Kwa bahati njema bwawa lilitwaliwa likiwa zima. Askari waliolikuta lingali likinguruma hawakuokoa mji wa Jinja peke yake. Waliokoa pia hospitali na viwanda vilivyo mbali nao mamia ya kilomita, ambavyo hawakuviona wala hawakuvijua.

KWA NINI TUSIJITEGEMEE PEKE YETU?

Askari hufundishwa kutomwachia mtu mwingine chakula chake wala risasi zake. Kwa hiyo si ajabu akiuliza: "Je, kununua umeme kwa jirani si kumpa jirani ufunguo wa nyumba yangu?" Swali hili ni la haki, na halipaswi kujibiwa kwa wimbo.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba umeme hauwekwi ghalani kama mahindi. Umeme mwingi wa gridi hutumika katika dakika ile ile unapozalishwa. Ukizidi, mitambo hupunguzwa na maji huachiliwa yapite bure. Ukipungua, mtaa mmoja huzimwa ili mwingine upate. Kwa hiyo nchi itakayo kujitosheleza peke yake kabisa hulazimika kujenga mitambo ya kutosha saa ile ya jioni ambapo kila mtu amewasha taa, na mitambo ya akiba kwa mwaka mbaya, kisha sehemu kubwa ya mitambo hiyo ikae usiku kucha bila kazi. Hiyo ni gharama kubwa kwa mataifa yenye mapato madogo.

Jambo la pili ni mvua. Mwaka 2000 ukame uliiingiza Kenya katika mgao mkali wa umeme. Mwaka 2006 maji ya Ziwa Victoria yalipungua sana, umeme wa Jinja ukapungua nayo, na Uganda ikalazimika kukodi mitambo ya dizeli kwa bei ya kuumiza. Mwaka huo huo Tanzania nayo ilikuwa gizani kwa sababu mabwawa yake yalikauka. Hapa pana funzo lisilopendeza: jirani anayetegemea mvua ile ile unayoitegemea wewe hawezi kukuokoa siku mvua hiyo itakapokosekana. Kinachofaa ni jirani aliye na kitu tofauti.

Kwa bahati nzuri, majirani zetu wana vitu tofauti. Nyanda za juu za Ethiopia hupata mvua zake kubwa kuanzia Juni hadi Septemba, wakati ambapo sehemu nyingi za Kenya na Tanzania zimo katika kiangazi. Kenya ina mvuke wa Olkaria, usiojali mvua wala jua. Tanzania ina gesi asilia ya Songo Songo na ya Mtwara, pamoja na bwawa la Julius Nyerere katika Mto Rufiji, lenye mitambo tisa ya jumla ya megawati 2,115, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 2024. Uganda ina Mto Nile, na kituo cha Karuma chenye megawati 600 kilichozinduliwa rasmi Septemba 2024. Maji, mvuke na gesi vikiunganishwa kwa waya, ni vigumu vyote vikose siku moja.

Ndiyo maana kazi ya kuunganisha imeendelea kwa kasi katika miaka hii ya karibuni. Njia ya umeme itokayo Wolayta Sodo nchini Ethiopia hadi Suswa nchini Kenya ina urefu wa kilomita 1,045, nayo ilianza kupitisha umeme wa biashara Novemba 2022, kuanzia megawati 200 kwa mkataba wa miaka 25. Njia ya msongo wa kilovoti 400 kati ya Kenya na Tanzania, ipitayo Namanga, ilitiwa umeme kwa mara ya kwanza Desemba 2024. Mataifa ya mashariki ya Afrika yalikuwa yameunda umoja wao wa umeme tangu mwaka 2005, wenye makao yake Addis Ababa, lakini umoja wa makaratasi ulisubiri nguzo zisimame ndipo uwe umoja wa kweli.

UMEME NA GWARIDE

Askari anaweza kuielewa gridi kwa mfano wa gwaride. Umeme wa kawaida huenda na kurudi mara 50 katika kila sekunde. Mitambo yote iliyounganishwa, iwe Jinja au katika Mto Tana, yapaswa kwenda kwa hatua moja, kama kikosi kinachopita mbele ya mgeni wa heshima. Askari mmoja akijikwaa, walio karibu naye humbeba na mstari hauvunjiki. Lakini wakijikwaa wengi kwa pamoja, gwaride zima huvurugika.

Hivyo ndivyo ilivyo faida ya kuungana na hivyo ndivyo ilivyo hatari yake. Mtambo mmoja ukizimika ghafla, ile mingine huubeba mzigo wake, na mwananchi aliyeko nyumbani haoni hata taa ikipepesa. Lakini hitilafu kubwa yaweza kusafiri kwa waya ule ule hadi kwa jirani kabla mtu hajashika simu. Agosti 2023 giza liliifunika karibu Kenya yote kwa saa nyingi, hata katika uwanja mkubwa wa ndege wa Nairobi. Kwa hiyo kila mpakani huwekwa vyombo vya kukata mawasiliano yenyewe hitilafu inapokuja, na kila nchi hutakiwa kuwa na mitambo ya akiba iliyo tayari wakati wote. Njia ya kutoka Ethiopia ilijengwa kwa namna nyingine: umeme wake huenda upande mmoja tu bila kurudi, ukageuzwa mwishoni mwa safari. Kwa hiyo pande mbili zaweza kusaidiana bila kulazimika kwenda hatua moja.

Basi jibu la swali la ufunguo ni hili. Mwenye mlango mmoja ndiye mtumwa wa mwenye ufunguo. Mwenye milango mitatu au minne humheshimu kila jirani wala hamwogopi hata mmoja. Usalama wa nishati ni kuwa na njia zaidi ya moja, kuwa na akiba yako mwenyewe, na kujua nani anailinda kila njia.

MTO KAGERA UMEONA YOTE

Kama kuna mahali panapoonyesha mambo haya kwa macho, ni Mto Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia ardhi ya Tanzania iliyo kaskazini ya mto huo, na mwanzoni mwa Novemba yakalivunja daraja la Kyaka ili Tanzania isiweze kuvuka. Mutukula, kituo cha mpakani, kilipigwa mizinga na kutwaliwa. Hakuna askari wa rika lile, wa upande wowote, ambaye majina hayo mawili hayamkumbushi damu.

Leo njia ya umeme yenye msongo wa kilovoti 132 yatoka Masaka nchini Uganda, yapita Mutukula, yavuka hadi kituo cha Kyaka, na kutoka hapo umeme huenda Bukoba. Tangu miaka ya 1990 Mkoa wa Kagera, ulio mbali na gridi ya Taifa la Tanzania, umekuwa ukipata umeme kutoka upande wa Uganda. Njia ile ile iliyopitwa na vifaru sasa yapitwa na umeme wa kuwasha taa katika wodi za wazazi. Hili halifuti yaliyotendeka, wala halipaswi kuyafuta. Lakini lafundisha kwamba mpaka waweza kubadilishiwa kazi.

Ukiupanda mto huo huo kuelekea chanzo chake, utafika maporomoko ya Rusumo, kati ya Tanzania na Rwanda. Mwishoni mwa Aprili 1994, wakati wa mauaji ya kimbari nchini Rwanda, watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Tanzania katika muda wa siku moja hivi, na miili ya waliouawa ikachukuliwa na maji hadi Ziwa Victoria. Mahali hapo hapo pamejengwa kituo cha umeme cha megawati 80, kilichoanza kuzalisha mwaka 2023, na umeme wake hugawanywa sawasawa kwa Tanzania, Rwanda na Burundi. Katika Mto Ruzizi, Burundi, Rwanda na Zaire ya wakati ule ziliunda shirika la pamoja mwaka 1983, na kituo chao cha Ruzizi ya Pili kikaanza kazi mwaka 1989. Mataifa hayo yamekosana mara nyingi tangu hapo, hata kwa silaha, lakini hakuna aliyeweza kuubeba mto akauhamishia kwake.

FUNZO LA CAHORA BASSA

Asitokee mtu akasema kwamba waya peke yake huleta amani. Msumbiji yatufundisha kinyume chake.

Katika Mto Zambezi, kwenye jimbo la Tete, Wareno walijenga bwawa la Cahora Bassa, na ziwa lake likaanza kujazwa Desemba 1974, miezi michache kabla ya uhuru wa Msumbiji. Umeme wake ulikusudiwa hasa kuuzwa Afrika Kusini. Nyaya zilitandazwa kwa umbali wa kilomita 1,420, kutoka Songo hadi kituo cha Apollo karibu na Johannesburg, zikiwa na uwezo wa kupitisha megawati 1,920. Ilikuwa moja ya njia ndefu na zenye nguvu kuliko nyingi duniani.

Kuanzia mwaka 1981 waasi wa Renamo walianza kuziangusha nguzo. Hawakuhitaji mizinga. Nguzo ya chuma iliyosimama peke yake porini, kilomita nyingi kutoka kituo cha karibu, huangushwa na watu wachache wenye baruti kidogo, nao hutoweka kabla ya alfajiri. Mafundi walisimamisha nguzo hapa, zikaangushwa kule. Mwisho wa vita zilihesabiwa nguzo zipatazo 2,000 zilizoharibiwa. Mitambo mikubwa ya Songo ilikaa kwa miaka mingi karibu bila kazi, na ardhi iliyozunguka nguzo ikajaa mabomu ya kutegwa.

La kushangaza ni kwamba waasi hao walisaidiwa na jeshi la Makaburu wa Afrika Kusini, nchi ile ile iliyokuwa mnunuzi wa umeme. Tarehe 16 Machi 1984 Rais Samora Machel na P. W. Botha walitia saini mapatano ya Nkomati, wakiahidiana kutounga mkono maadui wa upande wa pili. Nguzo ziliendelea kuanguka. Afrika Kusini haikubaki gizani, kwa sababu ilikuwa na makaa ya mawe na mitambo mingi ya kuyachoma. Aliyeumia zaidi ni mwenye bwawa, aliyepoteza fedha za mauzo wakati alipozihitaji kuliko wakati wowote.

Ni baada ya mapatano ya amani ya Roma, tarehe 4 Oktoba 1992, ndipo kazi ya kutegua mabomu na kusimamisha nguzo upya ilipowezekana, na umeme haukupita tena kwa ukamilifu hadi karibu na mwisho wa miaka ya 1990. Mwaka 2007 Msumbiji ikapata kutoka kwa Ureno umiliki wa sehemu kubwa ya mradi huo. Funzo ni wazi: kilomita 1,420 za waya haziwezi kulindwa na askari aliyesimama chini ya kila nguzo. Hulindwa na siasa njema kati ya mataifa, na mapenzi ya wananchi waishio kando yake. Askari ni wa tatu. Akikosekana wa kwanza na wa pili, huyo wa tatu atakimbia huku na huko hadi achoke.

GESI NAYO YASAFIRI

Mabomba ya gesi yana mambo yake. Bomba hufukiwa, kwa hiyo halionekani kirahisi kama nguzo, lakini likipasuka laweza kuwaka moto, na kulitengeneza kwaweza kuchukua miezi. Tangu mwaka 2004 gesi ya Temane nchini Msumbiji imekuwa ikisafiri kilomita 865 hadi Secunda, Afrika Kusini. Katika Ziwa Kivu, ambalo maji yake ya kina yana gesi nyingi ya methani, Rwanda na Zaire zilikubaliana mwaka 1975 kuitumia rasilimali hiyo kwa pamoja, na mwaka 2016 Rwanda ikazindua kituo cha megawati 26 kinachoendeshwa na gesi ya ziwa hilo. Mei 2021 Tanzania na Kenya zilitia saini makubaliano ya kushirikiana katika ujenzi wa bomba la gesi kutoka Dar es Salaam hadi Mombasa.

Kwa askari polisi, kisa cha kukumbukwa ni cha Afrika Magharibi. Bomba la gesi la huko, lenye urefu wa kilomita 678, lapita chini ya bahari kutoka Nigeria hadi Ghana kwa kuzipitia Benin na Togo. Agosti 2012 lilipasuka karibu na Lomé, mji mkuu wa Togo. Ilielezwa kwamba nanga ya meli moja iliburuta juu yake wakati wa tukio la maharamia waliotaka kuivamia meli hiyo. Wahalifu wachache katika bahari ya Togo waliwakosesha gesi wenye mitambo ya umeme nchini Ghana kwa miezi mingi, na mgao wa umeme ukazidi kuwaumiza wananchi wa Ghana. Maharamia hawakulijua bomba wala hawakulikusudia. Uhalifu mdogo uliokosa wa kuuzuia katika nchi moja ulizima taa katika nchi nyingine.

WAJIBU WA ASKARI

Sasa turudi nyumbani. Adui wa nguzo zetu leo si mwenye baruti. Ni mwizi mwenye spana. Nchini Uganda vyuma vya nguzo kubwa hufunguliwa usiku na kuuzwa kama vyuma chakavu, na mafuta ya transfoma hunyonywa na kuuzwa. Nguzo iliyopunguziwa vyuma husimama hadi siku ya upepo mkali, kisha ikaanguka na kuzivuta jirani zake. Sheria ya umeme iliyorekebishwa mwaka 2022 imeongeza adhabu za makosa haya, lakini sheria haishiki doria. Askari ndiye ashikaye doria.

Kwanza, kila kamanda wa kituo ajue njia za umeme na mabomba yapitayo katika eneo lake, zinatoka wapi na zinakwenda wapi. Askari asiyejua kwamba waya ule hulisha hospitali ya nchi jirani ataulinda kama alindavyo mti.

Pili, polisi waangalie soko kabla ya kuangalia pori. Chuma kilichoibwa lazima kimpate mnunuzi. Wanunuzi wa vyuma chakavu wakikaguliwa, mwizi hukosa sababu ya kupanda nguzo.

Tatu, makamanda wa pande mbili za mpaka wafahamiane kabla ya hatari kutokea. Mwizi wa Mutukula ajua kwamba akivuka hatua mia moja, askari wa upande huu husimama. Yafaa akute wa upande wa pili akimngoja.

Nne, tujiadibishe wenyewe. Vikombe vya kauri vinavyoshikilia waya si shabaha ya mazoezi. Moto wa nyasi usiwashwe chini ya njia ya umeme. Na waya ulioanguka usikaribiwe na askari wala raia, hata ukionekana umekufa. Waya wa msongo mkubwa waweza kumwua mtu kabla hajaugusa. Kazi ya askari ni kuwazuia watu wakae mbali na kuwaita mafundi.

La mwisho ndilo gumu kuliko yote. Njia hizi kubwa hupita juu ya vijiji vingi visivyo na taa. Umeme wa msongo mkubwa hauwezi kuchotwa kama maji ya mto. Wahitaji kituo cha kuupoza na nyaya ndogo za kuusambaza, na hayo ni fedha. Mzee alalaye gizani chini ya waya ulishao mji wa nchi nyingine ana haki ya kuuliza kwa nini aulinde. Askari asimjibu mzee huyo kwa fimbo. Amsikilize, apeleke neno lake kwa wakubwa, na wakubwa walisikie, kwa kuwa Cahora Bassa imetuonyesha gharama ya waya uliozungukwa na watu wasio na sababu ya kuupenda. Kijiji kilichopata taa hulinda nguzo zake bila kulipwa posho.

Nawakumbuka mkufunzi wangu na ramani yake. Baada ya miaka kadhaa kazini, naamini sasa naweza kumjibu mwenzetu aliyeuliza. Waya ukikatwa upande wa pili wa mpaka, ni kazi ya askari wa upande wa pili. Ila giza litakuwa letu sote, na kwa sababu hiyo askari wa upande huu hana ruhusa ya kulala. Kila aliye zamu usiku wa leo kati ya Tororo na Malaba, au kati ya Masaka na Mutukula, na ajue kwamba taa anazozilinda nyingine ziko mbali asikoweza kufika, zikiwaangazia watu ambao kamwe hawatamjua jina. Yeye ailinde zamu yake.